Unyayo wa kuku kwenye kifuo cha bibi

Kifuo cha nazi cha bibi yangu, upande wa Mtambile kule Pemba, hakikufanana na vifuo vya majirani. Vyao vilikuwa miti migumu iliyochongwa ncha, au kipande cha nondo kilichopondwa na mhunzi. Chetu kilikuwa chuma cheusi cha pembe tatu, kimevishwa juu ya gongo la mpera lililozamishwa ardhini nyuma ya jiko. Nilianza kufua nazi hapo nikiwa na miaka 12, na viganja vyangu bado vinakumbuka: unaikita nazi, unaisokota, kumbi linaachia. Nondo za majirani zilikuwa zikipinda. Chetu hakikuwahi kupinda.

Nilikuwa mtu mzima, nimekwenda kula Sikukuu ya Idi, masika yamelainisha udongo na gongo limeoza, ndipo kifuo kilipong'oka mkononi mwangu. Nikakiosha kwa maji ya ndoo. Chini ya tope palikuwa na shingo iliyopinda kwa makusudi, bomba fupi ambalo ndilo lililokalia gongo, pete ya kuzunguka iliyoganda kwa kutu, na karibu na shingo alama ndogo iliyogongwa kwa muhuri: mistari mitatu inayokutana mahali pamoja.

"Unyayo wa kuku huo," akasema bibi. "Upo tangu naletwa hapa biarusi."

Ami yangu alikuwa akiingia uani wakati huo.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Umeshika nini hicho?"

"Kifuo."

"Kifuo kwa bibi yako. Kwa wenyewe hiyo ni singe. Singe ya bunduki, chuma cha kuchomea kinachovishwa mdomoni mwa mtutu."

Kisha akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akanihesabia kwa vidole aina za bunduki alizokuwa akizisikia kwa wazee wake: bunduki ya mrao, bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki, bunduki ya viasi. Alizihesabu kama mtu anavyohesabu siku za wiki, bila kusita. Ami hakusoma historia popote. Alichuma karafuu, akavua, akazeeka. Lakini nilipoanza baadaye kufuatilia habari za silaha za kale niligundua kwamba alikuwa amenipa karne nne za ufundi kwa maneno manne, tena kwa mpangilio wake sahihi.

Nataka kukaa kidogo kwenye maneno hayo, maana mimi naamini ndiyo hazina kubwa tuliyobaki nayo.

Mrao ni utambi. Bunduki ya mrao ilikuwa na kamba iliyotiwa dawa ikawa inafuka polepole, na mpigaji akibana chini, ule moto unashuka kwenye kisahani cha baruti. Waomani wanaiita abu fatila, yaani yenye utambi, na ndiyo silaha ya zama zile Mreno alipopigwa Mombasa mwaka 1698 na Ngome Kongwe ya Unguja ikafuata kujengwa. Fikiria kuibeba ndani ya jahazi, usiku, mawimbi yanaingia, na wewe una kijinga kinachowaka kando ya pembe ya baruti.

Gumegume ni jiwe. Mtambo unalipiga jiwe kwenye chuma, cheche inaruka, baruti inashika. Waingereza walitumia bunduki za namna hiyo tangu miaka ya 1720 hadi zaidi ya miaka 100 baadaye, na ndizo zile ambazo wakusanyaji wanazitambua kwa neno TOWER lililochongwa kwenye bamba la mtambo, kwa sababu ya ule Mnara wa London zilikokuwa zikikaguliwa na kuwekwa. Jiwe likilowa au likichakaa, unasikia "ta!" na hakuna kinachotoka. Nikisikia watu wanamwita mtu "mwanamume gumegume", akili yangu huenda moja kwa moja kwenye jiwe lililolowa mvua.

Fataki sote tunaijua. Watoto wa Mjini wanazipiga usiku wa Idi mpaka wazee wanakasirika. Fataki ya bunduki ilikuwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Kasisi mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth, aliyekuwa akipenda kuwinda ndege, ndiye aliyesajili mwaka 1807 wazo la kuwasha baruti kwa kugonga badala ya jiwe. Toka hapo mvua haikuwa tena kizuizi.

Na viasi. Hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote. Zamani askari alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki. Halafu baruti ikaanza kupimwa kabla, ikafungwa pamoja na risasi yake, ikawa ni kiasi kimoja kwa mpigo mmoja. Mswahili alipokiona kitu kile hakuazima jina la Mzungu. Alikitazama kinavyofanya kazi akakiita kiasi. Na bunduki ya viasi ni ile inayokipokea kiasi chake nyuma ya mtutu badala ya mdomoni.

Basi singe ya bibi ni ya wapi katika mpangilio huo? Iko kwenye kivuko, kati ya fataki na viasi. Ukubwa wake na pembe zake tatu ni za bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, ya kushindilia kwa mdomo, yenye mifuo ndani ya mtutu inayoizungusha risasi ili iende mbali bila kuyumba. Ndiyo bunduki ileile ambayo viasi vyake vya karatasi vilizua balaa India mwaka 1857, ilipoenea habari kwamba vimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, na askari Mhindu na Mwislamu alitakiwa avirarue kwa meno. Mwaka 1866 Waingereza walizikata Enfield hizo nyuma ya mtutu wakaziwekea kizibo kinachofunguka ubavuni kama kifuniko cha kisanduku, kwa ubunifu wa Mmarekani Jacob Snider. Snider mwenyewe alifariki mwaka huohuo, fukara, malipo yake hayajakamilika. Jina lake ndilo lililobaki kwenye bunduki.

Askari wa Enfield alikuwa akipiga mara tatu kwa dakika akiwa hodari. Wa Snider alifika mara kumi, tena amelala chini, hana haja ya kusimama ashindilie. Risasi yake ilikuwa nene, karibu milimita 14.7. Ganda la kiasi halikuruka lenyewe: unakivuta kizibo nyuma, kisha unaipindua bunduki chali ili lianguke. Singe haikubadilishwa. Ileile ya Enfield ilivaa kwenye Snider, ndiyo maana kwa kuitazama peke yake huwezi kusema ilitoka kwenye ipi.

Hapa Zanzibar inaingia moja kwa moja. Mwaka 1877, zama za Sayyid Barghash, balozi John Kirk alipanga serikali ya Uingereza ilete Unguja bunduki 500 za Snider pamoja na viasi vyake, ziwe zawadi. Mwaka huohuo Luteni Lloyd Mathews wa jeshi la maji la Uingereza akapewa kazi ya kumuundia Sultani jeshi jipya. Kabla ya hapo jeshi lilikuwa la Waarabu na watu wa Uajemi. Mathews akafungua mlango kwa Waafrika, na mwisho wa mwaka alikuwa na kuruta 300. Wengine aliwanunua kwa mabwana zao, wengine aliwatoa gerezani, wengine walikuwa watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Hilo la mwisho ninalitafakari mara kwa mara. Mtu alikamatwa bara kwa mtutu wa bunduki, akaokolewa baharini kwa mtutu wa bunduki, akashuka Unguja akapewa bunduki.

Sisemi kwamba singe yetu ilitoka kwenye zile 500. Chuma hakisemi hivyo, na mimi siwezi kukisemea. Ule unyayo wa kuku ni mshale wa serikali ya Uingereza, alama ya mali ya taji, basi. Mishale miwili ikigongwa ikielekeana ncha kwa ncha, maana yake kitu kimeuzwa nje ya jeshi. Wetu ni mmoja tu.

Na bunduki zilizopita hapa hazikuwa za zawadi tu. Mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa mwaka 1833 una kifungu kinachonishangaza kila nikikisoma: bunduki, baruti na risasi zisiuzwe kisiwani Unguja isipokuwa kwa serikali, lakini katika bandari nyingine zote za Sultani ruhusa. Yaani nyumbani hatari, bara biashara. Kufika mwaka 1888 balozi wa Uingereza Euan-Smith alikisia kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka, na Zanzibar ndiyo iliyokuwa mlango. Ulaya ilikuwa ikibadilisha bunduki za majeshi yake kila baada ya miaka michache, na zile zilizoachwa zilihitaji mnunuzi.

Kilichorudi kutoka bara ni pembe za ndovu na watu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye nyumba yake bado ipo Shangani na watalii wanapiga picha mlangoni, alieleza mwenyewe kwamba jina la Tippu Tip alipewa kwa mlio wa bunduki zake. Watu waliokuwa wakikimbia walisikia tip, tip, tip. Mimi napenda vyuma hivi, napenda ufundi wake, naweza kukaa saa nzima kumweleza mtu kizibo cha Snider. Lakini sijawahi kushika mtutu wa zama zile bila kuuliza ulilipiwa kwa nini, na pembe ile ilibebwa na bega la nani hadi Bagamoyo.

Kisha ukaja mwaka 1890. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wao uliotufanya tuwe chini ya himaya ya Uingereza. Kesho yake, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia silaha za kisasa katika Afrika kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, na visiwa vilivyo karibu na pwani vimo. Kilichoruhusiwa, kwa kibali, ni bunduki za jiwe zisizo na mifuo na baruti ya kawaida. Kwa maneno ya ami: gumegume ruhusa, viasi marufuku. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuzima biashara ya watumwa, na biashara hiyo ilistahili kuzimwa. Lakini waliotia saini walibaki na bunduki za viasi na Maxim, zile za kumimina risasi mfululizo, mikononi mwao, wakaja nazo, na aliyezuiwa asinunue ni mtu waliyekuwa wanakuja kumtawala. Mambo yote mawili ni kweli na sitaki moja lifiche jingine.

Vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 wengi wanavijua, na wengi wanavisimulia kama kichekesho kwa kuwa vilichukua kati ya dakika 38 na 45. Mimi sivicheki. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa ameshika usultani bila idhini ya Waingereza, alikuwa na watu karibu 2,800 pale jumbani, Maxim kadhaa, Gatling moja, mizinga miwili iliyokuwa zawadi ya mfalme wa Ujerumani kwa Sultani, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Upande wa pili palikuwa na manowari tano za Kiingereza na askari 900 wa Zanzibar wenyewe, walioongozwa na Arthur Raikes. Saa tatu na dakika mbili asubuhi mizinga ya meli ikaanza. Jumba lilikuwa na mbao nyingi, na ndani mlikuwa na watumishi na watumwa ambao hawakuchagua chochote. Watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Bunduki ya begani siku ile haikuamua neno lolote, ya kushindilia wala ya viasi. Sijui mtu anapata wapi kicheko.

Watu wakisikia nafuatilia bunduki za kale huniuliza ninazo ngapi. Sina hata moja, wala sitaki kulaza silaha nyumbani kwangu. Ninachokusanya ni alama. Nina daftari, karatasi nyembamba na penseli laini: naweka karatasi juu ya bamba la mtambo, nasugua taratibu, na chuma kinaandika chenyewe taji, herufi, mwaka, namba ya mkaguzi. Wenzetu Marekani wanaruhusiwa kuweka bunduki halisi, na sheria yao kuu inaihesabu kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa kabla ya mwaka 1899. Uingereza wanaangalia kama risasi zake bado zinapatikana. Ya Snider imo kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua silaha za kale zaidi ya 50,000 zilizokuwa zimelundikwa katika jumba kuukuu mjini Kathmandu, Nepal, zikiwamo za jiwe, Snider na aina nyingine ya viasi iitwayo Martini, na vumbi lake juu. Niliposoma habari hiyo nilikosa usingizi.

Zetu hazikulundikwa. Zilifanya kazi. Nimeona mtutu ukiwa komeo la mlango wa banda la ng'ombe, na mwingine ukiwa bomba la mivukuto ya mhunzi, moto unapita humo humo ulimopita zamani. Siwalaumu waliofanya hivyo hata kidogo. Chuma kizuri kilikuwa ghali, na wao walijua thamani yake. Wanaoniumiza ni wanaoviuza sasa kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu, au wanaovipeleka kwa fundi akavisugue kwa grainda ving'ae. Kijana mmoja wa ukoo wetu alinipigia simu kwa furaha kwamba amepata bamba la mtambo shambani na tayari amenisafishia. Nilipofika liling'aa kama kijiko kipya. Pale penye taji palikuwa laini kabisa. Nilimshukuru, maana nia yake ilikuwa njema, nikaenda kukaa chini ya mkarafuu peke yangu.

Kwa hiyo kama unacho chuma cha namna hiyo, nakuomba: usisugue. Ile rangi ya kahawia iliyotulia ndiyo ngozi yake. Hewa yetu ya chumvi inatosha kuwa adui. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine, kiweke pakavu, kiachie hapo. Na kama ni bunduki nzima ya kushindilia, usiamini kwamba ni tupu kwa sababu ni ya babu wa babu yako. Baruti nyeusi ikikaa kavu haifi kwa uzee. Usiielekeze kwa mtu. Shusha fimbo nyembamba ya mti ndani ya mtutu mpaka ikome, tia alama penye mdomo, itoe, uilaze ubavuni mwa mtutu kwa nje. Ncha yake isipofika nyuma kwenye tundu la moto, ndani mna kitu. Hapo iache, watoe watoto, uwaite polisi. Hata ikiwa tupu, katoe taarifa kituoni.

Wanaotaka kununua nawaambia wasome kabla ya kutoa fedha. Katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe nilionyeshwa bunduki aina ya Martini, kizibo chake kinashuka kwa mkono wa chuma ulio chini, imepigiliwa misumari ya shaba kitakoni, nikaambiwa ni ya askari wa Sayyid Barghash. Kwenye bamba palikuwa na taji, herufi V.R. za Malkia Victoria, na mwaka 1907. Malkia alifariki Januari 1901. Herufi N ilikuwa imechongwa kinyume. Kazi za namna hiyo zinatengenezwa kwa mkono katika karakana za mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, na ni ufundi wa kweli kwa njia yake, lakini Barghash hakuziona. Yeye alifariki mwaka 1888. Nilimwambia muuzaji kwa upole. Akaitikia, akairudisha ukutani.

Idi ile, kabla sijarudi bandarini Mkoani, nilimwomba bibi anipe singe niipeleke mahali itakapotunzwa. Akanijibu kwamba yeye ana nazi za kufua. Nikaenda kwa mhunzi, nikamtengenezea kifuo kipya cha nondo nene, nikaja nikakizamisha palepale. Akakijaribu kwa nazi mbili. Ya kwanza ilikwenda, ya pili nondo ikacheza. Akanitazama, hakusema kitu.

Nikachonga gongo jipya la mpera, nikapunguza ncha mpaka likaingia sawasawa kwenye bomba la singe, nikalizamisha na kulishindilia kwa mawe. Kabla sijamwachia nilitoa karatasi na penseli, nikapiga magoti kwenye tope, nikasugua pale shingoni. Unyayo ukatoka, vidole vitatu, na pembeni yake namba ndogo ya mkaguzi ambayo macho yangu hayakuwa yameiona. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na nazi mkononi, ananisubiri nimalize.